Karatasi ya Wiki 24

Hotuba kwa wanachama wa klabu ya mbio, Morogoro

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, dada zangu na kaka zangu wakimbiaji: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi?

Nashukuru kwa nafasi hii. Mwenyekiti ameniambia watu kumi na mmoja humu ndani wameshaandika majina, wanataka kwenda Afrika Kusini mwakani kukimbia ultramarathoni yao ya kwanza, yaani mbio ndefu kuliko marathoni. Nimefurahi sana. Mimi wakati wangu sikuwa na mtu wa kunikalisha chini akanieleza. Nilikuwa na karatasi.

Karatasi yenyewe ni hii, nimekuja nayo. Kurasa nne za fotokopi, jedwali la wiki 24, limetungwa na kocha wa kule kwa ajili ya watu wanaokimbia Comrades, ultramarathoni ya huko Afrika Kusini, kwa mara ya kwanza. Alinipa kaka mmoja tuliyekutana Moshi. Niliibandika kwenye mlango wa friji tarehe 26 Desemba 2022 na sikuibandua mpaka Juni. Duara hili la kahawia ni kitako cha sufuria ya uji. Wino mwekundu ni siku nilizokimbia, wa bluu ni siku nilizopumzika. Nitawaomba mkiipitisha muutazame wino wa bluu kwanza. Mtaona mwanzoni ni haba, halafu kuanzia wiki ya 12 unaongezeka. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane ni mbio gani. Comrades inakimbiwa kati ya Pietermaritzburg na Durban. Mwaka mmoja mnapanda kutoka baharini, mwaka mwingine mnashuka kwenda baharini. Mwaka wangu, 2023, ulikuwa wa kushuka, kilomita 87.7. Ili upokelewe lazima uwe umemaliza marathoni chini ya saa nne na dakika 50. Siku yenyewe mnapewa saa kumi na mbili kamili, na njiani kuna vituo ambavyo ukichelewa kuvifikia unatolewa barabarani hata kama una nguvu za kuendelea.

Aliyezianzisha ni dereva wa treni, Vic Clapham. Huyu bwana alipigana vita ya kwanza ya dunia, na alipigana hapa kwetu, nchi ikiwa bado inaitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alitembea na jeshi lake kilomita zipatazo 2,700 kwa miguu, wakilifuatilia jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Morogoro hii hii ilitwaliwa Agosti 1916, na makaburi ya vita ile yapo hapa mjini. Clapham alipomaliza vita alitaka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa jambo linalotoa jasho. Wakubwa walimkatalia mara kadhaa, wakaja kumkubalia, na tarehe 24 Mei 1921 watu 34 wakaondoka Pietermaritzburg. Walimaliza 16. Wa kwanza, Bill Rowan, alitumia saa nane na dakika 59.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka simu chini nikakaa kimya. Jeshi lile halikutembea peke yake, ndugu zangu. Nyuma yake walitembea wapagazi, babu zetu, risasi na mahema na magunia ya unga vichwani, nao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Wazungu wa Kiingereza waliwaita Carrier Corps, na sisi tukalitamka tunavyolitamka mpaka leo: Kariakoo. Tunashuka daladala pale tunanunua vitenge. Mimi siku ile ile nilijiandikisha, na nia niliyoweka ni kwamba nakimbia kwa ajili ya wale waliobeba mizigo. Kila mmoja wenu atafute nia yake, kwa sababu kuna asubuhi za masika ambazo jedwali pekee halitakutoa kitandani.

Sasa turudi kwenye jedwali.

Mwongozo wa namna hii mtu akiuona anatafuta namba kubwa. Na mimi nilifanya hivyo. Nilipita haraka kwenye "Jumatatu pumzika, Jumanne kilomita 8, Jumatano 10 zenye vilima", macho yakaenda moja kwa moja kwenye Jumapili: 21, 25, 28, halafu inashuka 18, inapanda tena 30, 32. Ile 18 ilinikera. Niliona kama kocha amekosea kuandika. Kila wiki ya nne mwongozo unakushusha, na mimi kila wiki ya nne nilijisikia mzima, nikasema kwa nini nishuke wakati mwili unakubali?

Wiki ya nane nilitakiwa kukimbia 18, nikakimbia 30. Wiki ya tisa nikaongeza siku ya sita. Wiki ya kumi nilikuwa dukani kwangu Kihonda, mnajua nina duka la dawa, nasimama kutwa, nikainama kuchukua boksi la chini nikahisi ugoko wa kulia kama umechomwa na kitu cha moto. Nikaugusa kwa kidole: sehemu moja tu, ukubwa wa sarafu, nikabonyeza nikashindwa kuvumilia. Daktari aliniambia mfupa umeanza kuchoka, nikiendelea utapasuka. Wiki mbili sikukimbia hata hatua moja.

Mwili hauongezeki nguvu ukiwa barabarani, na mwongozo ulikuwa umeandikwa na mtu anayelijua hilo. Barabarani tunaubomoa. Unajijenga ukiwa umelala, umekula, umekaa. Moyo na mapafu vinazoea upesi, ndani ya wiki chache tu unajisikia simba. Mifupa na mishipa inayounganisha misuli na mifupa inakwenda taratibu, inataka miezi. Kwa hiyo pumzi inakwambia twende wakati mfupa bado haujafika. Ile wiki ya nne ya kushuka ni ya kuusubiri mfupa. Kazi kubwa ya karatasi hii ilikuwa kunizuia, na mimi nilikuwa naisoma kama karatasi ya kunisukuma. Kuanzia pale nikaanza kuuheshimu wino wa bluu.

Jambo la pili lililonishinda kulielewa ni mwendo. Mwongozo unasema mbio ndefu ukimbie ukiwa unaweza kuongea sentensi nzima. Mimi nilikuwa nakimbia peke yangu, naongea na nani? Nikaamua kusoma Fatiha kwa sauti. Nikiisoma mpaka mwisho bila kukatika pumzi, mwendo ni sahihi. Nikikatika katikati, napunguza. Wakristo someni Baba Yetu, ni ile ile. Mtashangaa mnavyotakiwa kwenda polepole. Kutoka Msamvu kwenda Bwawa la Mindu nilikuwa napitwa na kina mama wenye ndoo, nilikuwa natembea kila kilima, na ndivyo ilivyotakiwa. Hesabu yenyewe haina siri: kilomita 87.7 kwa saa kumi na moja na nusu ni chini kidogo ya dakika nane kwa kilomita, pamoja na kutembea, kunywa na kwenda haja. Nani humu hawezi dakika nane? Tabu ni kuzirudia mara 87.

Halafu ikaja Ramadhani. Mwaka 2023 ilianza mwishoni mwa Machi ikaisha tarehe 21 Aprili, katikati kabisa ya jedwali, kilomita zikiwa zinapanda. Kocha aliyeandika karatasi hii hakuwa na Ramadhani akilini, wala masika ya Morogoro, wala joto letu la saa tatu asubuhi. Kule kwao Aprili ni baridi inaingia. Kwa hiyo mwongozo ukiufuata neno kwa neno utakuumiza, na ukiutupa utapotea. Nilikaa na kalamu nikajiuliza kila wiki: hapa kocha anatafuta nini? Akitafuta vilima, nitampa vilima kwa muda mwingine. Akitafuta saa tatu za miguu kufanya kazi, nitampa saa tatu.

Mbio fupi nilizifanya saa moja ya mwisho kabla ya futari, polepole sana, nikimaliza adhana inakaribia na tende ziko mfukoni. Ndefu nilizihamishia Jumamosi usiku, saa tatu mpaka saa sita, mdogo wangu wa kiume ananifuata na pikipiki taa imewashwa, kwa sababu mwanamke peke yake barabarani usiku si jambo la kufanyia majaribio. Kilomita hazikufika zilizoandikwa. Mahali palipoandikwa 36 nilikimbia 25. Sikuzilipa baadaye. Hilo nalisema kwa msisitizo: kilomita iliyopotea imepotea. Mkianza kulipa madeni ya wiki iliyopita mtarudi kwenye ugoko wangu.

Mbio moja tu ambayo sikutaka kuigusa ni ile ya wiki tano kabla ya siku yenyewe, kilomita 56. Tarehe 7 Mei, mvua ya rasharasha, nimebeba mkoba mdogo mgongoni. Ile siku ndiyo ya kujaribu kila kitu: viatu vile vile, soksi zile zile, chakula kile kile, na mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye mstari wa sidiria. Dada zangu, huo mstari msiusahau. Viatu nilinunua namba moja juu, kwa sababu mguu unavimba, na kwenye mteremko vidole vinagonga mbele mpaka kucha zinakuwa nyeusi.

Chakula nakaa nacho kidogo maana kwa kazi yangu naona makosa yake kila siku. Mwili unaweza kupokea wanga wa gramu 30 hadi 60 kwa saa ukiwa unakimbia, na waliozoesha tumbo wanafika 90. Ndizi moja ya wastani ina gramu kama 25. Kwa hiyo kwa saa kumi na moja usitegemee chai ya asubuhi. Mimi tumbo langu lilikubali viazi mviringo vilivyochemshwa vikachovywa chumvi, tende, na vipande vidogo vya kashata. Jeli za pakiti zilinitia kichefuchefu kufika kilomita ya 35, nikaziacha. Ni bora kulijua hilo Mindu kuliko kulijulia ugenini.

Maji: kunyweni kwa kiu. Kuna watu wamefundishwa kunywa kila kituo hata bila kiu, na hiyo ni hatari ya kweli. Ukinywa maji kupita kiasi kwa saa nyingi, chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba, mtu anachanganyikiwa, anatapika, anaweza kufa, na watu pembeni wanadhani ana kiu wanamwongezea maji. Ukiona vidole vimevimba, pete inabana, na uzito umepanda badala ya kushuka, acha kunywa na umwone daktari.

Na dawa za maumivu. Mtu anakuja dukani kwangu Ijumaa anataka diklofenaki au ibuprofeni "za kumezea njiani". Simuuzii kwa kazi hiyo. Ukiwa na saa sita barabarani damu inakwenda kwenye misuli na ngozi, figo zinapata kidogo, na dawa hizo zinaipunguza hata hiyo kidogo. Maumivu yakizidi, tembea. Yakizidi zaidi, toka. Barabara itakuwepo mwaka unaofuata, figo zako sina hakika.

Sasa mteremko. Nilidhani mwaka wa kushuka ni mwaka wa raha. Kocha alikuwa ameandika pembeni kwa maneno machache kwamba mteremko ndio unaoua miguu, nami nilimsadiki kwa kuwa nilishakiona cha moto Moshi, kurudi kutoka juu kule njia ya Mweka. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inabana huku inavutwa, kila hatua ni breki, na breki hiyo inaichana misuli kidogo kidogo. Uzuri wake ni kwamba ukiichana kidogo mazoezini, inapona ikiwa ngumu zaidi. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili nilipanda kwa kutembea barabara ya kwenda Morningside, kule juu Uluguru, kisha nikashuka nikikimbia kwa hatua fupi, mabega yamelegea. Siku mbili baadaye nilikuwa nashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume. Ya tatu haikuuma hivyo. Ya tano nilikwenda dukani kama kawaida.

Wiki tatu za mwisho mwongozo unakupunguzia kilomita, na hapo kila mtu anapata wazimu. Goti linauma bila sababu, koo linawasha, unaota umechelewa mstari wa kuanzia. Laleni. Hakuna kitu mtakachokiongeza wiki hizo.

Tarehe 11 Juni, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tulikuwa mbele ya ukumbi wa jiji Pietermaritzburg, giza, baridi ya kuingia kwenye mifupa, watu maelfu wamejifunika mifuko ya plastiki. Wakaimba wimbo wa taifa lao, wakaimba wimbo wa zamani wa wafanyakazi wa migodini, watu wazima wanalia wazi wazi. Halafu spika ikatoa sauti ya jogoo. Ni sauti ya mtu, aliitwa Max Trimborn, aliwika hivyo mwaka 1948 na tangu hapo desturi haijakoma. Bunduki ikalia. Kuufikia mstari tu nilitumia dakika kadhaa, nikitembea.

Vibao vya njiani vinahesabu kilomita zilizobaki. Unaanza na 87, unakiona 80 na jua limeshachomoza, na hilo kichwani si jepesi. Maji wanakupa kwenye vifuko vidogo vya plastiki. Unang'ata pembe, unakamua mdomoni, kinachobaki unajimwagia shingoni. Barabara yote imejaa vifuko, inateleza. Drummond, nusu ya njia, nilifika miguu ikiwa mizima, nikajiunga na basi. Basi ni kundi la wakimbiaji, na mbele yao kuna dereva mwenye bendera ya muda anaoulenga. Wetu alikuwa mzee mwembamba. Anasema tembeeni mpaka nguzo ile, watu mia wanatembea. Anasema twende, watu mia wanakwenda, wanaimba Kizulu, na mimi nisiyejua neno naimba. Alitupandisha Botha's Hill hivyo bila mtu kubaki.

Field's Hill ni mteremko wa kilomita tatu hivi kuingia Pinetown, ukiwa umeshakimbia zaidi ya 60. Pale niliwaona vijana wenye miili mizuri kuliko wangu wameshika vyuma vya pembeni mwa barabara wanashuka kwa ubavu, kama watu wanaoshuka kisimani. Mmoja alikuwa amekaa chini anajipiga paja kwa ngumi, analia. Miguu yangu iliuma, lakini ilikimbia. Niliiona barabara ya Morningside, udongo mwekundu, migomba, na mdogo wangu amekaa juu ya pikipiki ananisubiri chini.

Nilimaliza uwanja wa Kingsmead, Durban, kwa saa kumi na moja na dakika 38. Mshindi wa mwaka huo, Tete Dijana, alikuwa amemaliza kwa saa tano, dakika 13 na sekunde 58, rekodi mpya ya kushuka. Mimi nataka mjue na jina lingine. Mwaka 1923 mwanamke aitwaye Frances Hayward alinyimwa kujiandikisha kwa sababu ni mwanamke, akakimbia hivyo hivyo, akamaliza kwa saa kumi na moja na dakika 35. Medali hakupewa, watazamaji walichangishana wakamnunulia vyombo vya chai vya fedha. Wanawake na watu weusi waliruhusiwa rasmi mwaka 1975. Miaka mia moja kamili baada ya Frances, nilikuwa nyuma yake kwa dakika tatu.

Medali yangu ni hii. Wanaomaliza kati ya saa ya 11 na ya 12 wanapewa medali yenye jina la Vic Clapham. Shikeni, pitisheni, ni ndogo kuliko mnavyofikiri. Nilipovishwa niliwataja wapagazi kwa sauti, mhudumu hakuelewa Kiswahili, akanikumbatia tu.

Nikakaa kwenye nyasi kusubiri saa ya mwisho. Saa kumi na moja na nusu jioni ofisa anasimama kwenye mstari na bunduki, anawapa mgongo wakimbiaji, asione nani anakuja. Uwanja mzima unahesabu kurudi nyuma. Mama mmoja, umri wa mama yangu, alikuwa anakuja kwa hatua ndogo ndogo, mikono mbele kama anapapasa giza. Bunduki ililia akiwa amebakiza kama hatua nne. Walinzi wakafunga mstari. Hakupiga kelele wala hakuanguka. Alisimama, akaiangalia saa kubwa, akaanza kufungua kamba za viatu.

Namkumbuka kila nikiamka alfajiri kwenda kufanya mazoezi, na ndiye aliyenifanya nikubali kuja hapa leo.

Karatasi hii nimeitolea kopi kumi na tano, ziko kwa katibu. Pembeni nimeandika kwa mkono mahali Ramadhani na masika yatakapoangukia mwakani, na vilima vya hapa kwetu badala ya vya kule. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha au sukari apime kwanza, nitakuwa pale kwenye meza kumwelekeza aende wapi. Jumapili tunaanza Msamvu saa kumi na mbili kamili asubuhi, kilomita 12, na wenye saa za kupima mwendo nawaomba waziache nyumbani.